Namna ya Kumtoa Redio

Vijana wa idara ya filamu walifika nyumbani kwa Injinia Jumamosi asubuhi wakiwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Siku zote aliwajua kama watu wa fulana na ndala, watu wa kuingia bila hodi na kufungua friji. Leo walibisha, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye kochi wamebanana, mikono mapajani. Mkewe akawaletea chai. Walivishika vikombe lakini hakuna aliyekunywa.

Injinia mwenyewe hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Alikuwa mhadhiri wa chuo, na kazi yake ilikuwa kufundisha kwa nini majengo husimama na kwa nini huanguka, hasa kwa nini huanguka. Jina la Injinia alibandikwa na wanafunzi, likashika hadi nyumbani. Mkewe, fundi cherehani mwenye mikono isiyojua kutulia, alimwita hivyo kila alipotaka kumchokoza. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita Baba katika nyumba ile, na huyo walimzika kabla mvua hazijaanza.

Alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa idara hiyo hiyo ya filamu. Nyumbani na chuoni alijulikana kama Redio, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kuzimwa. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, aliongea usingizini. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta akiwa likizo, ikamchukua mbiombio, hata majirani wengine walisikia habari za msiba kabla ya kusikia za ugonjwa. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikianza kunguruma, wazazi wote wawili waligeuka kuitazama.

"Mwalimu," alianza msichana aliyekaa katikati. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza filamu yao, na wenzake walimwita Kata, kwa ajili ya neno alilopenda kulipaza kazini kusimamisha kamera. Yeye na Redio walikuwa chanda na pete. "Tumekuja kuhusu ile filamu. Idara imesema tuimalize au tuifute. Tumekaa, tumefikiria sana. Tunataka kuimaliza, na tunataka kuimaliza vile ulivyosema wewe."

"Nilisema nini mimi?"

"Kwamba yule binti hatoki." Kata alikizungusha kikombe chake. "Anafia mle chumbani."

Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Aliliweka mezani taratibu, akaenda kusimama karibu na cherehani yake.

Filamu yao ilikuwa ya maafa. Hosteli ya chuo inaporomoka wanafunzi wakiwa ndani, na mmoja wao, aliyeigizwa na Redio, ananaswa chumba cha chini kabisa, halafu mwisho wa hadithi anatoka mzima. Walikuwa wamemwomba Injinia awe mshauri wao wa mambo ya majengo, na hapo ndipo walipojitafutia balaa. Alirudisha kurasa zao zimejaa wino mwekundu. Nguzo za jengo kama lile zikikatika, aliandika, sakafu zote zinalaliana, na chumba hicho mlichomweka hakitoi mtu. Pembeni aliongeza: *Msidanganye watu.*

Redio alimrudia na kurasa hizo mezani wakati wa chakula. "Baba, watu wanalipa kiingilio ili mtu atoke."

"Basi wakalipe kiingilio harusini."

"Baba, ni filamu."

"Na zege ni zege."

Mtu asidhani walikuwa wanagombana. Hao wawili walikuwa walevi wa filamu za maafa. Kila Jumapili mchana walijitupa kwenye kochi hilo hilo, wakatazama miji ya watu ikizama, ikiungua, ikimezwa na ardhi. Injinia hakuweza kutazama akanyamaza. Daraja likikatika alisema lisingekatikia pale. Mnara ukianguka alisema umeanguka kinyume. Redio alimtupia mto usoni, naye akaudaka na kuendelea kulalamika. Aliyewatibua zaidi wote wawili alikuwa Mtaalamu, kwa maana kila filamu ya namna hiyo lazima iwe na profesa mmoja mwenye miwani na makaratasi, anayeonya mwanzoni asisikilizwe, kisha mambo yakiharibika anasimama mbele ya kamera na kueleza. Redio alikuwa amemsihi baba yake aigize Mtaalamu wa filamu yao. Alimwambia hatahitaji kujifunza chochote, atajiigiza mwenyewe. Injinia alikataa katakata, nafasi ikabaki wazi.

"Kwani mwisho si mlishaupiga?" aliuliza sasa. Alikuwa na hakika, kwa sababu alikuwapo.

"Tuliupiga siku ya kwanza kabisa. Chuo kilitaka kuchimba ile bustani kupitisha mabomba, ikabidi tuanzie mwisho. Tunaye akitoka nje, anatembea kwenye majani. Na tunaye akiwa hostelini kabla haijaanguka. Tusichonacho ni kipande cha katikati." Kata aliinamisha kichwa. "Namna alivyotoka. Tulisema tutakipiga likizo ikiisha."

Mwenzake mmoja alikirudisha kikombe mezani bila kukionja.

"Kwa hiyo kile cha bustani tutakiacha," Kata alimalizia. "Tukamilishe na vumbi, halafu giza. Tunaona hivyo ndivyo ungetaka. Ni heshima yetu kwako, Mwalimu."

Hapo Injinia alipata alichokuwa akikidai tangu mwanzo. Alitaka kuwashukuru akashindwa. Aliwaomba wamwonyeshe tu kile kipande cha bustani.

Kata alifungua kompyuta yake na kuiweka mezani kati ya vikombe. Redio alitokea mlangoni pa jengo, mweupe pe kwa unga wa ngano, blauzi ya kijani iliyoshonwa na mama yake imechanika bega. Alitembea kwenye majani akiyumba. Katikati ya bustani aligeuza kichwa pembeni, akaona kitu, na uso wake ukalegea ukawa tabasamu dogo ambalo halikuhusiana na maafa yoyote. Kisha akaendelea, akatoka kwenye picha.

"Hapo aliharibu," Kata alisema kwa sauti ya chini. "Alitakiwa atazame mbele tu. Alikuona wewe unakuja, na unga ulikuwa umetuishia, hatukuweza kurudia."

Injinia aliikumbuka vizuri siku hiyo. Alikuwa anatoka maabara, kule wanakovunja vipande vya zege kwa mashine kupima nguvu yake, na mkononi alibeba mfuko wa vumbi halisi. Alikuwa anakwenda kuwaambia kwamba vumbi la zege ni la kijivu, wala si jeupe kama la mwokaji mikate. Binti yake alimwona yeye na mfuko wake, akajua kila neno atakalolisema.

Vijana walipoondoka, Injinia alibaki amekaa. Mkewe alikusanya vikombe vilivyojaa chai ya baridi.

"Nilikuwa sahihi," alisema, wala hakujua anamwambia nani. "Chumba kile hakitoi mtu."

"Wewe siku zote uko sahihi, Injinia." Safari hii hakuwa anamchokoza. Alipeleka vikombe jikoni, akarudi akijifuta mikono. "Niulize kitu. Huyo Mtaalamu wao, jengo likianguka, yuko wapi?"

"Nje. Anawaeleza waandishi wa habari."

"Anaeleza."

"Ndivyo walivyoandika."

"Mtoto yuko chini, yeye anaeleza."

Alikaa kwenye cherehani akaanza kushona, na Injinia akaachwa na kile alichokuwa akikikimbia tangu mazishi. Siku ile hospitalini, mkewe alikaa kitandani kwa binti yao, ameushika mkono wake. Yeye alikuwa ukumbini na daktari. Alitaka kujua dawa ile huwasaidia wagonjwa wangapi katika kumi, na wale isiowasaidia wana nini, na vipimo vinasemaje, kana kwamba akielewa vizuri mtoto atapona. Mkewe alichungulia mlangoni akamwita. Akamjibu, "Ngoja kidogo, daktari ananieleza." Alipoingia, Redio alikuwa haongei tena, na hakuongea tena. Hakuna siku ambayo mkewe alimlaumu kwa hilo. Alitamani amlaumu wamalize, maana ule ukimya ulimla zaidi ya matusi.

Jumapili mchana hakuwasha televisheni. Alitoa vitabu vyote kabatini, akaketi sakafuni sebuleni na kuanza kujenga hosteli. Vitabu vilikuwa sakafu, vibiriti vilikuwa nguzo, boksi la nyuzi la mkewe likawa ukuta wa ngazi. Alijenga, akaangusha, akapiga magoti kuchungulia. Hakutaka kumtoa mwanawe kwa uongo. Angemtoa kwa uongo, Redio mwenyewe angekuwa wa kwanza kumcheka.

Dirishani haikuwezekana. Mlangoni ndiyo kabisa. Aliangusha tena, na tena, kidevu kikiwa kimegusa zulia. Mkewe alimruka mara kadhaa akienda jikoni na hakumuuliza anafanya nini. Hatimaye kitabu kimoja kinene kilianguka kikaegemea boksi la nyuzi, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na chini yake kikabaki kijipembetatu. Injinia aliingiza kidole humo. Boriti ya ngazi inaweza kulala hivyo hivyo kwenye ukuta mnene na kuacha uwazi wa kumtosha mtu aliyejikunja. Angepumua. Angesikia watu juu yake. Lakini asingetoka, hata apige kelele namna gani, kwa kuwa kifusi chote kinafanana na hakuna ajuaye wachimbe wapi. Hakuna, isipokuwa mtu aliyezijua nguzo za jengo lile moja moja, aliyekuwa juu akieleza.

Alikaa pale sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatatu alikwenda idara ya filamu mwenyewe, chumba kidogo kilichojaa nyaya, akamkuta Kata na mpiga picha wao.

"Anatoka," alisema.

Kata alimtazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyetarajiwa. "Mwalimu, wewe si ndiye uliyesema..."

"Nilisema hatoki peke yake, na bado nasema. Inabidi mtu aende akamtoe. Mtaalamu aache waandishi wa habari, ashuke achimbe. Anajua pa kuchimba."

"Lakini Mtaalamu hatuna."

"Mnaye."

Mpiga picha aliinamia nyaya zake akazishughulikia bila sababu.

"Na yeye je?" Kata aliuliza baadaye. "Yule wa chini. Hatutamweka mtu mwingine sura yake, mimi siwezi."

"Sijui. Hilo ni la kwenu."

Kata alitembea mpaka dirishani akarudi. Kazi ilikuwa imemshika, na ilimsaidia. "Kamera iwe chini," alisema. "Kamera ndiyo yeye. Tunaona anachokiona. Giza, halafu tundu, halafu mwanga, halafu wewe." Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Ila lazima mkono uonekane. Watu wakiona mkono wake unashikwa, wataamini."

Blauzi za kijani zilikuwa mbili, kama ilivyo desturi ya watu wa filamu, moja ya kuchanwa na moja ya akiba. Ya akiba ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya cherehani. Siku ya kupiga picha mama aliileta mwenyewe, ameichana bega pale pale ilipochanika ile ya kwanza. Walikuwa uwanjani nyuma ya maabara, ambako vijana walikuwa wamerundika kifusi, kidogo cha kweli kando kando, na katikati maboksi na vipande vya povu vilivyopakwa rangi. Mwanafunzi mmoja mwembamba alivaa ile blauzi, akanyoosha mkono mbele ya kamera. Ulikuwa mkono mzuri, wenye kucha ndefu zilizopakwa rangi. Kata aliutazama akatikisa kichwa. Akamjaribu mwingine. Akatikisa tena.

"Nipe mimi," mama alisema.

Hakuna aliyebisha. Kila aliyemjua Redio alijua vidole vile vifupi, na kidole cha mwisho kilichopinda kuelekea ndani, na sasa waliona alikovirithi. Mama alivaa blauzi ya mwanawe juu ya gauni lake, akainama, akajikunja chini ya maboksi ubavuni mwa kamera. Alijilaza bila kulalamika na bila kumtazama mumewe.

"Vumbi lipi, Mwalimu?" Kata aliuliza. Mfuko wa kijivu kutoka maabara ulikuwa pale, na mfuko wa unga ulikuwa pale.

Injinia aliitazama mifuko yote miwili.

"Unga," alisema. "Ufanane na wake."

Wakampaka kichwani, mabegani, kwenye miwani. Kisha akaanza kuigiza, na ukweli lazima usemwe, hakuwa mwigizaji. Alibeba maboksi kama mtu anayehamisha faili ofisini. Alipoambiwa yanatakiwa yawe mazito, aliugulia kwa sauti mpaka mpiga picha akauma mdomo asicheke. Tundu lilipofunguka akachungulia ndani, akasema maneno aliyokuwa ameyaandika na kuyakariri: "Usiogope. Boriti iliyo juu yako imeegemea ukuta wa ngazi, na uzito wake..."

"Kata!" Msichana alimkaribia, akamshika kiwiko. "Mwalimu, unaeleza."

"Ndiyo."

"Usieleze."

Wakarudia. Akaeleza tena, kwa maneno machache zaidi. Wakarudia. Unga ulikuwa unapungua, na jua lilikuwa linahama kwenye kifusi. Injinia alisimama akapumua. Alijua hii haikuwa hospitali na asiyekuwapo hayuko. Lakini chini ya maboksi yale palikuwa na mtu mmoja aliyewahi kumwita, naye akamwambia angoje.

Alipiga magoti. Safari hii hakusubiri aambiwe. Alitupa boksi la kwanza, akatupa la pili, akaanza kufukua kwa mikono yote miwili, hata zile kokoto za kweli za pembeni ambazo hakutakiwa kuzigusa, na ukucha mmoja ukang'oka asijue. Tundu likafunguka. Mkono ukatoka gizani, mweupe kwa unga, mkono wa blauzi ya kijani, kidole cha mwisho kimepinda ndani. Akaukamata.

"Nimekuja," alisema. "Nimechelewa, mama. Nimekuja."

Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita binti yake alipokuwa mdogo, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Na hivyo ndivyo alivyomwita mkewe tangu siku walipompata huyo binti. Mkono ulimbana. Ulimbana kwa nguvu za mtu anayeshona kutwa, na haukuachia. Injinia aliinama akaweka paji la uso wake juu yake, unga ukalowa. Kata alikuwa amesimama nyuma ya kamera, mkono mdomoni, na lile neno lake hakulitamka. Ilibidi mpiga picha azime mwenyewe.

Walionyesha filamu katika ukumbi mkubwa wa mihadhara, viti vikiwa vimejaa hadi kwenye ngazi. Injinia na mkewe walikaa safu ya katikati. Hosteli ilipoporomoka, wanafunzi wake wa majengo waligeuka kumtazama kuona kama atanung'unika, wakamkuta kimya. Lilikuja giza. Ikaja sauti ya mawe yakisogezwa, tundu la mwanga, uso wa mzee mmoja mweupe kwa unga, akilia bila kujificha. Mkono ukapanda, ukashikwa.

Halafu ikaja bustani, na Redio akatoka mlangoni akiyumba, amechanika bega, mzima. Alitembea kwenye majani ambayo sasa hayakuwapo tena. Katikati alifika pale pa kuharibu. Kata hakupaondoa. Redio aligeuza kichwa pembeni, akaona kitu, na tabasamu likamjia polepole. Ukumbi mzima ulishusha pumzi, kwa maana kila mtu alielewa kwamba anamtazama aliyemtoa.

Mkewe alisogeza kichwa hadi karibu na sikio lake. "Vumbi," alimnong'oneza. "Husemi kitu?"

"La kweli ni la kijivu," Injinia alisema. Mkewe akaushika mkono wake na kuuweka mapajani pake. Pale mbele binti yao alikuwa bado anamtazama, siku ile baba yake alipokuwa akija na mfuko wa vumbi mkononi.